Ndama wa Injini

Kwa mujibu wa tangazo lililobandikwa kwenye mbao zote za matangazo wilayani, kila gari lililovuka miaka thelathini litakaguliwa kwa kina, fremu, injini na rangi, na halitaruhusiwa barabarani isipokuwa liwe katika hali yake ya asili kama ilivyoandikwa kwenye kadi, au mwenye gari awe na kibali cha mabadiliko. Ukaguzi huo, tangazo lilisisitiza, utafanywa kisayansi, na hakuna kitakachofichika.

Asmahani, mnunuzi wa maharage mjini Kibondo, alilisoma akiwa amesimama, akalirudia, kisha akaenda nyumbani kulitazama gari lake kama mtu anavyomtazama mume aliyemsikia akisemwa sokoni.

Lilikuwa Landrova ndefu ya mwaka sabini na nane, nyeupe pale rangi ilipobaki. Marehemu mumewe, Nurudini, alilinunua mnadani zamani, na alipofariki Asmahani alijifunza kuliendesha kwa sababu madereva aliowaajiri walilipenda kupita kiasi na walikuwa wanaliendesha hata siku zisizo za kazi. Sasa ulikuwa mwaka wa sita. Kila Alhamisi alishuka nalo Mabamba, upande wa mpaka wa Burundi, kununua maharage ya njano. Lami ilipofika Kibondo watu walisema siku za Landrova zimekwisha. Lami ikapita, ikaenda zake Kakonko. Maharage yakabaki Mabamba. Mvua zikianza, vilori vidogo vilikomea kwenye mteremko wa kwanza, na aliyefika sokoni alikuwa Asmahani peke yake. Bila lile gari angekuwa mtu wa kununua kwa walionunua, na kazi hiyo mjini Kibondo ilikuwa tayari na watu wengi wasio na furaha.

Tatizo ni kwamba gari lenyewe lilikuwa linakohoa. Lilitoa moshi wa bluu, lilikunywa petroli kama lina kisasi nayo, na kwenye mlima lilipumzika bila kuomba ruhusa. Hata bila tangazo lilihitaji kufanyiwa kitu. Tangazo liliongeza tu tarehe: ukaguzi ni katikati ya Novemba.

Alianza kwa fundi wa karibu. Nathaniel alikuwa na gereji nyuma ya stendi ya Kibondo, na alilizunguka lile gari akiwa na macho ya bwana harusi.

"Mama, hapa hatutengenezi. Hapa tunabadilisha," alisema. "Tunang'oa hiki kibabu, tunaweka injini ya Toyota. Tairi pana. Taa sita juu. Bomba la hewa linapanda mpaka juu ya paa, unavuka mto maji yakiwa kifuani."

"Kifua cha nani?"

"Cha gari, mama."

"Na muziki?"

"Muziki ni ofa!"

Asmahani alitaka kujua mengi, maana ndiyo tabia yake. Mnunuzi wa maharage asiyeuliza maswali huuziwa mawe. Kwa nini Toyota? Injini hiyo ikifa, nani mwingine anaijua? Na kibali? Nathaniel alijibu yote vizuri mpaka kwenye kibali, ambapo alianza kutafuta spana.

Kwa hiyo Asmahani akaliendesha gari hadi Kasulu, kwa Lukmani.

Lukmani alikuwa rafiki wa Nurudini, mzee mwenye asili ya Ujiji, na alishika imani kwamba gari lilizaliwa na watu waliojua wanachofanya, na kila fundi aliyelishika baadaye ameliharibu, yeye akiwamo. Alikuwa na kitabu cha kiwandani kilicholowa mafuta hata kurasa zake zikawa kama za ngozi. Aliposikia habari za Toyota alikifunga, kama aliyepewa taarifa ya msiba.

"Shemeji," alisema, "utamvika bibi yako suruali ya kubana?"

"Kama inamsaidia kupanda mlima, kwa nini isiwe?"

"Astaghafirullah! Lete kadi."

Kadi ya gari ni kitu ambacho watu hukihifadhi pamoja na hati ya kiwanja na cheti cha ubatizo au cha ndoa. Kukisoma ni jambo jingine. Lukmani alivaa miwani, akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Shemeji, hili gari unalijaza mafuta gani?"

"Petroli."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kuliendesha. Na marehemu pia. Risiti zake zote za petroli."

"Kadi inasema dizeli."

Wakafungua boneti. Lukmani alikwangua ubavu wa injini kwa bisibisi mpaka namba ikajitokeza, akaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, huku Asmahani akifuatisha kwenye kadi. Hazikukutana popote, ila zote mbili ziliishia na C.

"Hizi injini ni ndugu," Lukmani alisema. "Ya petroli na ya dizeli, baba mmoja. Ukitoa hii unaingiza ile, boliti zinakaa. Mtu amezibadilisha. Na huyu mtu alijua kazi." Sauti yake ilikuwa na heshima na uchungu kwa pamoja. "Ipate ya kwake, hata ikiwa na kutu, nitakurudishia gari kama lilivyoshuka melini. Mkaguzi atakaa chini alie."

Asmahani alirudi Kibondo akiwa na swali ambalo halikumhusu mkaguzi hata kidogo. Injini si kitu mtu anachokidondosha njiani. Nurudini alijua. Na Nurudini, mtu aliyemsimulia mkewe hata ndoto za mchana, hakusema.

Alilala nalo, akaamka nalo, na akiwa anapepeta maharage ya sampuli jibu likaja lenyewe: mwaka ule Faudhia, binti yao, alipokuwa anaota meno. Nurudini alikwenda Gwarama kwa siku mbili akakaa sita. Aliporudi alisema ni gia. Alikuwa mchangamfu mno kwa mtu aliyeharibikiwa gia.

Asubuhi alipanda gari dogo la abiria hadi Kakonko, na kutoka pale bodaboda hadi Gwarama. Alimuuliza dereva wa bodaboda kama kuna mtu anayeijua injini ya Landrova.

"Injini ya Landrova?" kijana alicheka. "Si ndiyo inayotusagia ugali!"

Mashine ilisikika kabla haijaonekana. Kilikuwa kibanda cha bati kilichopakwa unga ndani na nje, foleni ya wanawake wenye mabeseni ya muhogo mkavu mlangoni, na ndani, juu ya zege, ilinguruma injini bila gari. Mkanda mrefu wa mpira uliiunganisha na kinu. Pipa la maji liliipoza. Ilikuwa nyeupe kwa unga kama bibi harusi. Haikukohoa. Asmahani alisimama akiisikiliza, na jambo lililomshangaza ni kwamba aliitambua: ndivyo gari lilivyonguruma siku lilipoletwa nyumbani mara ya kwanza.

"Mwakeye, dada, karibu. Foleni inaanzia kule," alisema mwenye mashine, mwanamke wa makamo mwenye kope za unga.

"Sina muhogo. Mimi ni mke wa Nurudini wa Kibondo."

Yule mwanamke, jina lake Esteri, alivuta waya mmoja na injini ikazimika. Foleni ikanung'unika. Akajifuta mikono, akamkumbatia Asmahani na kumwachia unga mgongoni.

"Umechelewa," alisema. "Tulikungoja miaka ishirini na kitu."

Asmahani aliomba kwanza aione namba. Esteri hakuuliza kwa nini. Alimwaga maji kidogo, Asmahani akafuta kwa pindo la khanga, akafungua kadi. Safari hii tarakimu zilipangana zote, mpaka herufi ya mwisho.

Walikaa kwenye gunia. Mashine ya kijiji, Esteri alieleza, ilikuwa na injini ya petroli, ya Landrova nayo, na petroli ilikuwa imepanda mpaka watu wakarudi kwenye kinu cha kutwanga. Nurudini alifika kununua maharage akakuta mumewe, Bazilio, amekaa mbele ya mashine iliyonyamaza. Walikuwa marafiki. Walizungumza siku mbili, wakafanya kazi siku nne. Ya dizeli ikabaki, ya petroli ikaondoka na Landrova.

"Alilipwa nini?"

"Hakulipwa. Aligabira."

Asmahani aliishi Buha tangu kuzaliwa, lakini wa kwao walitoka pwani na mambo ya ng'ombe waliyaachia wenyewe. Esteri akamfafanulia taratibu, kama anavyofafanuliwa mwalimu mgeni. Mtu akikugabira, amekupa ng'ombe kwa urafiki. Ng'ombe huyo haombwi kurudishwa. Kumwomba ni kusema urafiki umekufa. Ila akizaa, mtoaji ana ndama wake.

"Bazilio alimwambia hivyo. Nurudini akacheka, akasema, basi na mimi leo Muha, nitarudi kuchukua ndama. Tena akatuomba tusimwambie mtu. Alisema mkewe akisikia ametoa injini bure atamuua."

Asmahani alitazama ile injini.

"Alinijua," alisema.

Kisha akaeleza kilichomleta: tangazo, Novemba, Mabamba, fundi wa Kasulu na bibi yake asiyevaa suruali. Esteri alisikiliza hadi mwisho akiwa ameangalia mikono yake. Bazilio naye alishafariki.

"Mwenyewe amekufa, aliyepewa amekufa," alisema. "Wewe ndiye mwenye kadi. Ukisema uifungue, mimi nitakushikia tochi."

Mwanamke mmoja kwenye foleni, aliyekuwa amesikia kila neno bila kugeuza shingo, aliita: "Esteri! Basi mtusagie kwanza, ndipo muifungue!" Wenzake wakacheka, lakini si sana.

Hapo Asmahani alikuwa na gari zima mkononi. Lukmani angelia kwa furaha. Kadi na injini vingekutana tena, tangazo lingetimia neno kwa neno, na kitu cha Nurudini kingerudi mahali Nurudini alipokikuta. Isipokuwa kwamba Nurudini ndiye aliyekiondoa. Alijaribu kufikiri ni hali ipi ya gari lile iliyokuwa ya asili: ile ya kiwandani, ambayo hakuna aliye hai Kibondo aliyeiona, au ile ambayo mumewe aliiacha kwa akili zake timamu, akaificha kama mtu anayeficha sadaka. Aligundua kwamba mkono wake ulikuwa umeshaikunja kadi.

"Washa," alisema. "Watu wana njaa."

Esteri hakuwasha. Alimshika mkono, akamzungusha nyuma ya kibanda na kufunua turubai. Chini yake, juu ya matairi mawili, kulikuwa na injini ya dizeli ya Toyota, iliyotolewa kwenye Haisi iliyopinduka, safi, imepakwa grisi.

"Niliinunua niweke mashine ya pili. Kila shilingi yake imetoka tumboni mwa ile. Sasa huyu ni mtoto wa nani?"

"Esteri, hii ni mali yako."

"Usinitukane nyumbani kwangu. Sema tu kama ndama unamtaka au humtaki."

Injini ilifika Kibondo juu ya lori la mihogo. Nathaniel aliipokea kwa kelele za ushindi. Asmahani akamkatia mapema: tairi pana hapana, taa sita hapana, muziki hapana; bomba la hewa sawa, maana mito ya Mabamba haina mzaha. Lukmani alikataa kabisa kuja, kisha akaja na kitabu chake, kwa ajili ya breki tu. Siku ya pili alionekana akimshikia Nathaniel sahani ya chuma ya kuunganishia injini na gia za Landrova, huku akimweleza kwamba anayofanya ni haramu na kwamba anayafanya vibaya.

"Mzee, si uniachie?"

"Nikuachie uue? Sogea."

Gari lilipowaka, lilipanda mlima wa hospitali bila kupumzika. Lukmani alikiri kwamba bibi anatembea. Alikataa kusema zaidi.

Ikabaki sayansi. Asmahani aliandaa faili: barua ya maombi ya kibali, maelezo ya fundi, hati ya makabidhiano yenye dole gumba la Esteri na saini ya mwenyekiti wa kijiji cha Gwarama, ambaye kwenye sehemu ya "aina ya mauzo" aliandika "ndama". Hakulala vizuri. Mkaguzi akikataa, gari linaegeshwa, na Mabamba mvua ilikuwa imeanza.

Siku yenyewe magari kumi na manne yalipangwa uwanjani. Mkaguzi alikuwa kijana mstaarabu aliyehamishiwa kutoka mkoa mwingine, mwenye mwavuli na viatu ambavyo havikununuliwa kwa ajili ya Kibondo. Alipofika kwenye Landrova alisoma kadi, akatazama rangi, akatazama tena kadi.

"Nyeupe," alisema.

"Ndiyo, mwanangu. Ila kuhusu injini, nimeandika barua, yote yamo humu..."

"Mama, wewe unaona haya mengine?" Aliashiria foleni kwa kalamu. "Gari la namna hii ni urithi wa taifa. Ningependa wote wajifunze kwako."

"Hebu soma barua kwanza, baba."

"Nitaisoma ofisini."

Aliandika kwenye fomu, akagonga muhuri juu ya goti lake, akamkabidhi. Gari, fomu ilisema, limekaguliwa kwa kina na limekutwa katika hali yake ya asili. Alhamisi iliyofuata Asmahani alikuwa Mabamba saa tatu asubuhi, peke yake sokoni.

Siku ya ukaguzi boneti haikufunguliwa. Mvua ilikuwa inanyesha.