Tangi la Shangazi na Hoteli ya Nyota Tano

Kama hujawahi kuona bosi mzima akivuka barabara na taulo kiunoni, povu masikioni, kaa hapa nikusimulie.

Mimi ni mtu wa mapokezi kwenye hoteli ya kampuni ya kigeni. Nyota tano, vioo juu mpaka chini.

Upande wa pili wa barabara ipo gesti ya shangazi yangu, na juu ya paa lake tangi jeusi la maji.

Meneja wetu alilichukia lile tangi. Eti linawaharibia wageni mandhari. Akawaendea wakubwa wa mji, wakampa shangazi mpaka Ijumaa awe ameliondoa.

Gesti bila tangi imekufa, maana maji ya bomba mji huu huja yakijisikia.

"Gesti hii ndiyo iliyokulea," shangazi akaniambia. "Leo unawapigia saluti wanaoizika?"

Iliniuma sana. Lakini kazi yenyewe bado niko kwenye majaribio, nikarudi kupiga saluti.

Hotelini tulifundishwa kwamba mgeni haambiwi "hakuna". Unatabasamu, unasema "kipo", ndipo unaanza kuhangaika.

Tangi hoteli haikuwa nalo. Makao makuu walilifuta kwenye ramani, kwa sababu kwao bomba halikauki.

Alhamisi asubuhi likakauka.

Simu ikalia kutoka chumba cha juu kabisa. "Nina sabuni machoni! Maji hakuna?"

Meneja kasimama pembeni, kanitolea macho. Nikatabasamu.

"Maji yapo, bosi."

"Wapi?"

"Kwa shangazi."

Mgeni akashuka vilevile alivyo. Nikamshika mkono tukavuka, watu wakasahau walikokuwa wanakwenda.

Shangazi akamwangalia, akaguna. "Karibu, baba. Ndoo ile pale."

Jamaa akaoga weee, mpaka akaanza kuimba.

Alipotoka, meneja alikuwa mlangoni anamwinamia. Kumbe yule ndiye mkurugenzi wa makao makuu, aliyefuta tangi la hoteli kwa kalamu yake mwenyewe! Alikuja kuhakikisha la shangazi linashushwa.

"Hilo tangi lisiguswe," akasema, huku anajifuta masikio.

Ijumaa mafundi wakaja kweli, kuvuta bomba kutoka kwa shangazi mpaka hotelini. Shangazi alitoa sharti moja tu: kila maji yakikatika, meneja avuke aje kuomba mwenyewe.

Jana alikuja. Shangazi akatabasamu kama tulivyofundishwa sisi.

"Hakuna," akamwambia. "Ngoja kwanza wateja wangu waoge."

Ndugu zangu, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila ukifika kwa watu, usicheke tangi lao kabla hujapaka sabuni.