Sweta la Kwenda Misri

Jumatatu nilikuwa katika ofisi ya kanisa hapa Sumbawanga, karani akipokea vifaa vya shule vya kuwapelekea watoto maskini wa Wakristo wa Kikopti huko Misri. Watu walileta madaftari na kalamu. Mama mmoja wa Milanzi akaweka mezani sweta zito la mtoto, alilolifuma mwenyewe.

"Mama, Misri ni jangwa," karani alimwambia huku akicheka. "Kule ni joto tu."

"Hata asubuhi, wakienda shule?"

"Hata asubuhi."

Mama akalikunja taratibu, akaondoka nalo. Tuliobaki tukacheka. Tulimwamini karani, mtu ambaye hata mpaka wa Tunduma hajauvuka.

Jumamosi akapita shemasi kutoka Misri, amekuja kushukuru. Karani akamsimulia kichekesho chake. Shemasi hakucheka. "Mwezi wa kwanza watoto wetu wanatetemeka darasani," alisema.

Karani akakimbilia Milanzi, nami nyuma yake. Tulimkuta yule mama kibarazani, sweta ameshalifumua, uzi umejaa kikapuni.

"Shikamoo mama. Kumbe kwao kuna baridi," karani alisema, macho chini.

"Marahaba." Mama akautazama ule uzi. "Na mimi uliponiambia hawapati baridi, mwanangu, nilivyowafurahia!"