Kamba Kumi wa Kikombe cha Saba

Pale maabara walimwita Mama Kamba, ingawa kamba wake hawakufaa hata kwa mchuzi: kila mmoja mdogo kuliko punje ya ufuta, ndani ya gamba mfano wa kunde. Kwa miaka kumi na moja aliwaangua, akawatia kumi kumi kwenye vikombe vya tope, akawalisha mwani, na siku ya sita akawapima urefu kwa darubini. Tope likiwa salama, wanakua. Likiwa na sumu, wanadumaa. Hawajui kumwonea mtu haya. Ndiyo sifa iliyowapa ajira.

Vikombe huandikwa namba tu. Yalikotoka matope hubaki kwenye bahasha ya mkuu, mpimaji asijue anampimia nani. Utaratibu mzuri sana. Ila siku hiyo, ndani ya kikombe cha saba, alikuta kipande cha uzi wa bluu. Uzi ule aliununua mwenyewe, dada yake afungie miche ya nyanya kando ya mfereji, nyuma ya kiwanda cha rangi. Bustani ile ndiyo inayolisha watoto wanne wa dada.

Kamba wa tope safi walikuwa wamefika mistari arobaini ya rula ya darubini. Wa kwanza wa kikombe cha saba: ishirini. Wa pili, ishirini na moja. Wa tatu alilala upande. Ukipenda, ungesema thelathini na tano. Kalamu ikapenda.

Aliitazama ile namba mpaka shingo ikamuuma. Kisha akamwita mwenzake wa meza ya pili.

“Njoo unipimie hiki.”

“Macho yamechoka, Mama Kamba? Au umeingia nao undugu?”

“Undugu ninao. Pima.”

Mwenzake aliacha kucheka. “Huyu wa tatu, kumi na tisa.”

Mama Kamba akaifuta thelathini na tano kwa mstari mmoja, akatia sahihi pembeni. Majibu yalipaswa kungoja siku tatu, mkuu asaini. Yeye alitoka koridoni akapiga simu.

“Mdogo wangu!” dada alidakia. “Kesho navuna. Nikuwekee ndoo?”

“Usivune, dada.”

“Una wazimu? Zimeiva.”

“Usivune mpaka zipimwe. Tope lako lina kitu.”

“Ni hao wadudu wako?”

“Ndio hao.”

“Kwani wamefanyaje?”

“Hawajakua.”

Ilisikika simu ikitupwa juu ya kitu, kisha sauti yake kwa mbali, kali, ikiita majina manne mfululizo: “Tokeni kwenye mfereji! Nimesema tokeni!”