Batata Beko Banalala

Jumamosi, mwezi wa kumi na moja. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile nyembamba isiyo na ngurumo, na mtaa wetu wa Naviundu wote ni matope.

Mvua hii ndiyo imenirudisha kwenye jambo hili. Sikusimuliwa na mtu. Lilinipata mimi mwenyewe, mwaka jana, tena mchana, na sikuwa nimekunywa kitu ila chai. Shule yangu iliishia darasa la tano la primaire, kwa hiyo nikikosea neno, sahihisha neno. Jambo lenyewe liache lilivyo.

Kuna kijiji kidogo nje ya Lubumbashi, pale njia ya malori ya mpakani inapokatana na njia ya mashamba. Nyumba zake za zamani ni tatu: kanisa dogo, nyumba ya kulaza wasafiri, na magazini, yaani duka, ya matofali mekundu aliyoijenga Mgiriki mmoja. Wenyeji wanazitunza. Kila kiangazi wanazipaka chokaa miguuni, na hakuna ruhusa ya kung'oa hata tofali moja. Mume wangu, baba Mireille, alitaka tupange ile magazini nifungue malewa, niwapikie madereva. Mimi nilikuwa nauza bukari, ugali wetu, chini ya hema la plastiki kando ya barabara, mvua ikija kazi imekwisha. Kupata paa la kweli na jiko la ndani, unaelewa kwangu lilikuwa jambo gani?

Siku tuliyokwenda kuitazama, mlinzi wa zile nyumba, papa Anaclet, alitufungulia mbele. Chumba cha nyuma, ambacho kingekuwa jiko langu, kilikuwa na kufuli, na ufunguo wake alisema ameusahau nyumbani. Baba Mireille akaenda naye kuuchukua, mimi nikabaki na sufuria yangu niliyoileta ili nipime mahali pa mafiga. Hapo nikaanza kushuku. Mlinzi gani anasahau ufunguo wa chumba anachokuja kuonyesha?

Mvua ikaanza. Nilipogeuka kutoka mlangoni, mwanamke kijana alikuwa amesimama karibu na meza ndefu ya duka, kitambaa kichwani, miguu mitupu. Nguo zake zilikuwa kavu. Lakini niseme haki: sikumwona akiingia, pengine alikuwa ndani kabla yetu.

"Jambo, mama."

"Jambo, dada. Mvua imetushika, eh?"

"Ya hapa haina haya, inashika kila muntu." Akacheka kidogo, akaipiga meza kwa kiganja. "Hapa njo balikuwa banapima chumvi. Sisi tulikuwa tunauzishiwa kwa dirisha lile, ndani hatuingie."

Tulikuwa? Msichana wa juzi huyu? Ila kwetu mtu husema "sisi" akiwasema babu zake, kwa hiyo niliacha.

"Na mule nyuma, munaweka nini?"

"Batata beko mule. Banalala."

Hapa unielewe vizuri. Kwetu Lubumbashi heshima tunaitia kwa wingi. Baba ni mmoja, lakini mtoto mwenye adabu anasema batata, anasema beko badala ya yuko, banakula, banalala. Nikajua baba yake mzee amepumzika. Nyuma ya mlango mtu akakohoa. Kisha tena, kikohozi kizito zaidi. Nikashusha sauti.

"Beko bagonjwa?"

"Hapana. Banangoya motokari."

"Ya kubapeleka hospitali?"

"Ya kubarudisha kwabo." Akaitazama sufuria yangu. "Mama, unataka kupika mule? Utabaamusha."

Niamini, sikuogopa. Nilikasirika. Kumbe tunapangishwa nyumba yenye mzee ndani, na ufunguo "umesahauliwa"! Nikaenda mlangoni kuwatazama akina baba Mireille, nao wakaja mbio, wamelowa. Niliporudi ndani, yule mwanamke hakuwepo.

"Papa Anaclet," nikaanza, "munatupangisha nyumba na muzee wenu ndani?"

"Salimia batu kwanza, mama Mireille," mume wangu akasema, "kisha ubagombeze."

"Muzee gani?" akauliza papa Anaclet.

"Batata bale banakohoa mule. Binti yenu ameniambia beko banangoya motokari."

Akaenda kwenye mlango wa nyuma. Kufuli lilikuwa na kutu, alilipiga kwa jiwe ndipo likafunguka. Ndani hapakuwa na kitu. Sakafu ya sementi, ukuta, hata dirisha hakuna.

"Alisema batata," papa Anaclet akasema polepole. "Nani alikuambia ni mumoja?"

Akatueleza. Wakati wa babu yake, siku ya mvua, lori lililobeba wafanyakazi wa mgodi, watu waliotoka Kasai, lilipinduka pale njia panda. Maiti zikalazwa katika kile chumba, zikingoja motokari ya kuzirudisha kwao. Watoto wao walikuja mlangoni kuuliza, wakaambiwa wasipige kelele, batata wamelala. Motokari haikuja. Walizikwa nyuma ya kanisa.

Sasa niseme haki tena. Dada yake papa Anaclet ana malewa pale pale, na mimi ningemchukulia wateja. Nilienda kumwona: ni mama mtu mzima, mnene, siye yule. Lakini angeweza kumtuma mwingine. Na kikohozi labda kilikuwa bati na mvua. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Ila mtu anayenifukuza angenitisha, sivyo? Yule aliniomba tu nisiwaamshe.

Nilikataa nyumba. Dereva mmoja aliipanga kuweka magurudumu, na mimi nimerudi chini ya plastiki. Baba Mireille hajanisamehe. "Nyumba nzima umeikataa juu ya herufi mbili," husema, "be na a." Labda ana haki.

Lakini wewe unayesoma, ukiingia nyumba ya zamani ukaambiwa wenyewe wako ndani, usiishie kwenye heshima. Uliza ni wangapi.

Jioni hii nilikuwa nasonga bukari, Mireille akaita kutoka mlangoni: "Mama, batata banafika, banaomba chakula."

"Bangapi?"

Akaguna, amekwisha kuzoea. "Batata mumoja, mama. Tena banalowana."

Nikaweka mwiko chini, nikaenda kutazama mwenyewe. Kisha tukala, watu watatu, bukari na mboga ya lengalenga na samaki wadogo wa kukaanga.