Maua ya Valliyammal

Kila asubuhi, kahawa ikiwa bado inafuka, Marudasalam alipekua gazeti kujitafuta. Akijiona, aliukunja ukurasa kwa nje ili mkewe auone. Asipojiona, basi kahawa haikuwa na sukari. Valliyammal, mkewe huyo, alikaa kizingitini anaunga maua yake ya jasmini kwa uzi, kisha anayachomeka kwenye shungi, kama alivyofanya tangu aolewe, maana kwao maua kichwani ni ya mwenye mume.

Utajiri wa mumewe ulitoka kwenye mitambo ya kuchimba visima. Alipochoka kuitwa mchimba mashimo alijenga chuo cha uuguzi, kisha cha ualimu, kisha cha ufundi, vyote kwa jina lake. Watoto wa maskini aliwasomesha, hilo si uongo. Ila kila aliyesomeshwa ilibidi apande jukwaani kumgusa miguu kwa heshima, na kama mpiga picha amechelewa, aiguse tena. Hata sahani za bwenini zilichorwa uso wake. Mtoto akimaliza wali anakutana na masharubu.

"Hata shibe yao unataka ikupigie saluti," Valliyammal alimwambia.

"Wivu huo, mama Kadirvel."

Kadirvel, mtoto wao, alikuwa ameshahamia Chennai, na hakuwa na haraka ya kurudi.

Mwaka huo Marudasalam alijichongeshea sanamu mbele ya chuo cha uuguzi, ndefu kumshinda yeye mwenyewe, na nywele ambazo hakuwa nazo tena. Siku ya kuizindua alitaka ivikwe shada la maua na kuwashiwa taa miguuni.

"Baba Kadirvel, sanamu weka," mkewe akasema. "Maua usiivike. Wanaovikwa hivyo ni marehemu. Unataka watu wanione mjane, na mimi bado navaa maua?"

"Maneno ya kijijini. Wakubwa wote wana masanamu yenye maua."

"Wamekufa hao!"

"Nikifa nitaonaje sasa?" akauliza, na alikuwa hatanii.

Basi shada likavikwa, taa na kafuri zikawashwa, wanafunzi wakapangwa juani. Marudasalam alikaa mstari wa mbele na shali mpya, mkewe pembeni.

Bibi Karuppayi alikuwa akipita na mbuzi wake. Yule bibi kazi yake tangu ujana ilikuwa kulia misibani, na macho yalikuwa yamepungua nuru. Ila maua aliyaona, na moshi wa kafuri aliunusa. Akaacha mbuzi, akajitupa chini ya sanamu na kujipiga kifua.

"Uuuwi! Baba wa wasio na baba! Umewasomesha, umewalisha, leo umewaachia nani?"

Wanafunzi wakajiuma midomo. Mmoja akacheka hadi akakaa chini. Mwalimu mkuu akakimbia kumwinua bibi.

"Mwache!" Marudasalam akasema.

Alikuwa amefumba macho. Kichwa kilikuwa kikitikisika taratibu, kama mtu anayesikiliza muziki. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumsifu vile bila kulipwa. Akampungia mpiga picha mkono: endelea, endelea kurekodi.

Bibi Karuppayi akainuka kumtafuta mjane. Akampapasa Valliyammal begani, akamkumbatia, akalia peke yake. Kisha mkono ukapanda kwenye shungi.

"Lete hayo maua, mwanangu. Si yako tena."

"Baba Kadirvel," Valliyammal akaita, ameushika ule mkono. "Mwambie uko hai."

"Ngoja kidogo."

"Ananivua maua yangu!"

"Ngoja bwana, mama Kadirvel, anasema vizuri! Hajafika kwenye chuo cha ufundi."

Valliyammal akamtazama. Masharubu yale yale ya kwenye sahani. Akautoa mkono wa bibi polepole, bila hasira, akayakaza maua yake vizuri.

"Bibi, endelea kumlilia," akasema. "Ndicho anachotaka. Mimi mume wangu sijui alikufa lini, ila maua haya nilijinunulia mwenyewe."

Akasimama. Dereva akamfungulia mlango wa gari, yeye akampita. Nyuma yake Marudasalam alikuwa akimuuliza mpiga picha, "Sauti umeipata? Sauti?"

Valliyammal alitoka getini, akasimamisha basi la Kodumudi, kwao, alikokuwa kaka yake. Kesho yake gazeti lilikuwa na picha kubwa, lakini kizingitini hapakuwa na mtu wa kuonyeshwa, na tangu siku hiyo hapakuwa naye tena.