Siku Zuhura Alipotandika Kanga Yangu

Kanga mpya ina harufu yake, harufu ya wanga na ya duka, na ikishaguswa na maji hairudi tena. Yangu ilikuwa bado inanukia hivyo asubuhi moja ya manyunyu, nilipojitanda kwenda shuleni kwetu Ngamiani. Nilikuwa darasa la sita, nagombea udada mkuu, na niliutaka kuliko nilivyoitaka sikukuu. Mpinzani wangu alikuwa Zuhura, binti wa nyumba ya pili, maneno matamu na daftari tupu. Tulipofika getini akaniambia, "Shoga, niazime kanga yako, nywele zinalowa." Nikampa, mjinga mimi.

Mstarini nilianza mimi. Nikaeleza habari ya bomba bovu, foleni ya chooni na zamu za kufagia, hoja juu ya hoja, jasho likinitoka. Wakapiga makofi ya adabu. Ikaja zamu ya Zuhura. Wakati huo Bi Mwanakombo, mpishi wetu wa uji, alikuwa anavuka uwanja na ndoo ya maji kichwani. Zuhura akamwendea, akaivua kanga, akaitandika juu ya tope. "Shikamoo, Bi Mwanakombo. Pita, mama." Kwetu kanga hutandikiwa bibi harusi, au mgeni wa heshima; mpishi wa shule hakuwahi hata kuiota. Bibi wa watu akasita, akavua ndala, akapita huku analia. Shule nzima ikalipuka kwa vigelegele. Hotuba Zuhura hakutoa, wala hakuulizwa. Nami nimesimama pale naitazama kanga yangu inavyokanyagwa, roho inaniuma kama jino bovu. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hawakuwahi kugombea udada mkuu hao. Nyumbani mama akauliza, "Haya, umepata?" Nikamjibu nimepata tope.

Sasa Zuhura ni diwani wetu, na uongo mbaya, namwonea wivu mpaka leo. Mvua za mwaka huu zilipojaza maji mtaani, alikuja kututazama. Akaingia majini na viatu vyake vya bei, hadi magotini, akambeba mtoto wa watu aliyekuwa analia mlangoni. Mtaro wetu umeziba tangu mwaka jana, na mimi nilikuwa nimejipanga kumuuliza mbele za watu utazibuliwa lini. Nikanyoosha mkono juu. Nilipoutazama, ulikuwa umeshika simu, nampiga picha.