Kishungi Mlangoni

Nilipokuwa mtoto kule Kitangari, hakuna kilichonitia hofu kama kuku. Chekeni tu. Nilikuwa na miaka minane, na kuku mwenyewe alikuwa wetu, tukimwita Kishungi.

Mama alikuwa amemzaa mdogo wangu, Saidi. Bibi, mzaa baba, ndiye aliyesimamia chakula chake: ugali wa muhogo na mlenda, basi. Mayai mwiko. "Mama Somoe," alimwonya, Somoe ni mimi, "anayenyonyesha akila yai amekula mtoto wa mwenzie. Mwenye yai atakuja kumchukua wake."

Mama akakonda hadi pete ikawa inamdondoka. Maziwa yakapungua. Saidi alinyonya, akaachia, akalia, mpaka siku moja akaacha hata kulia. Kimya kile ndicho kilichonitoa akili. Nikaenda kwa Kishungi, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kuatamia, nikatwaa mayai yote matano, nikayachemsha sufuriani, nimeyaficha chini ya mihogo.

Mama aliyatazama sana. "Ya Kishungi haya?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akafunga mlango, akala mawili palepale bila chumvi, machozi yanamtoka. Matatu tukayaficha ya kesho.

Jioni Kishungi akaja. Hakudonoa, hakulia. Alisimama mlangoni kwa mama, shingo imenyooka, anatazama ndani. Nikamfukuza, akarudi. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu Saidi akatoa sauti nyembamba, pii, pii, kama kifaranga, wallahi! Bibi alikuwa barazani anamenya mihogo, kisu kikasimama.

"Mwenyewe amefika," akasema.

Sikula siku ile. Nilijua nimemuua mdogo wangu.

Asubuhi tukamkuta Kishungi amekufa kizingitini. Ndani, Saidi ananyonya kwa pupa, maziwa yanamtiririka shavuni. Bibi alikataza kuku yule asiliwe, akamzika nyuma ya nyumba. Tangu hapo hakumkataza tena mama mayai, wala hakumpa.

Sasa naishi Mkomaindo, nami nanyonyesha. Muuguzi wa kliniki ananihimiza nile mayai, samaki, maharage, na namwamini. Niliona kwa macho yangu mama akirudiwa na nguvu. Kishungi pengine aliuawa na kideri, ule ugonjwa wa kuku. Ila kuku wetu wengine wote walibaki wazima.

Juzi mama alikuja kunitazama. Akaenda bandani, akarudi na mayai manne. Kiotani yalikuwa matano.

"Moja nimemwachia mwenyewe," akasema.

Miaka yote nilidhani alikula kwa kuwa haamini maneno ya bibi.

"Kumbe na wewe uliogopa, mama?"

"Niliogopa sana. Nilijua atakuja kumchukua." Akamtazama mwanangu begani kwangu. "Lakini Saidi alikuwa ameshanyamaza, Somoe. Nikasema kama ni kuondoka, mwanangu asiondoke na njaa."

Nikala mayai yote manne, yeye akinimenyea.